Sufi ya Mto na Joto la Fungate

Nimeacha kazi kwa sababu ya miwani. Mkono wangu hautetemeki, namshukuru Mungu, na mgongo bado unainama na kunyooka. Ila macho yalianza kuomba msaada, nikanunua miwani, na kinyozi wa vitambaa vya moto hapatani na miwani. Unakamua kitambaa, mvuke unapanda, vioo vinakuwa vyeupe, nawe umeshika wembe karibu na koo la mtu na huoni koo liko wapi. Wa mwisho kuniona katika hali hiyo alikuwa imamu wetu. Akaniambia kwa upole, akiniita fundi kwa Kireno, "Mestre Abudo, nikifika peponi sitaki waanze kuniuliza nimefikaje." Nilicheka, nikafuta vioo, nikammaliza taratibu, na wiki hiyohiyo nikawaachia nyinyi wanafunzi wangu kiti.

Sasa mmeniomba niwaandikie namna ya kunyoa kwa wembe wa kukunja. Mashine zenu ni nzuri, sina ugomvi nazo ila hizo kelele. Lakini naona bado anakuja mtu anataka wembe, nanyi mnatazamana kama watu walioulizwa habari ya deni la baba yao. Basi nitaandika. Nani alinisifu na nilipata nini nitayaacha, maana hayanoi wembe. Nitaandika jambo lililonisumbua karibu miaka yangu yote ya kazi: kwa nini wembe uleule, mkono uleule na sabuni ileile, huyu anainuka kitini anapapasa shavu anatabasamu, na yule kesho yake uso umemtutumka vipele? Mimi ni mtu wa kuulizauliza. Marehemu mama alikuwa akisema nilitoka tumboni nauliza nani kazima taa.

Nilifundishwa kazi Mocímboa na Mzee Amade, Mmwani, mtu wa pwani ya Mucojo, aliyekuwa amenyoa wavuvi tangu ujana wake. Nyuso za wavuvi zina chumvi na jua, ngozi yao ngumu, na ndevu zao zinakwaruza kama msasa. Mzee Amade hakusema neno wembe ukiwa juu ya ngozi. Ukimwamkia saa ananyoa, "marahaba" yake inakuja baada ya shavu zima, na mgeni asiyemjua alikuwa amekwisha kununa.

Siku ya kwanza nilidhani nitapewa kichwa cha mtu. Nikapewa papai bichi. "Mnyoe huyu," akasema. Nikalipaka povu, nikashika wembe, nikavuta kwa mbwembwe. Pale wembe ulipopita pakatoka kijidoa cheupe, kisha kingine, kisha mstari mzima wa utomvu. Mzee Amade akalitazama papai, akanitazama mimi. "Mkewe umemwacha mjane," akasema. Nilinyoa mapapai mpaka mkewe akaja dukani na mwiko mkononi kusema amechoka kupika mchuzi wa papai, na kama biashara imegeuka kuwa ya mboga basi aambiwe. Ndipo nikaruhusiwa kushika shavu la mtu.

Papai lilinifundisha jinsi ya kulaza wembe. Ukiusimamisha unakwangua, ukiulaza sana unateleza na kung'oa. Mgongo wa wembe uinuke kutoka kwenye ngozi kiasi cha unene wake mwenyewe mara mbili, basi. Mkono usikandamize. Wembe ulionolewa vizuri una uzito wa kutosha, wewe unauongoza tu, na vuta fupifupi. Ukiona unalazimika kusukuma, rudi kwenye kinoo. Kosa liko kwenye makali, usimlipize mteja. Baada ya kinoo, mkanda wa ngozi, na kwenye mkanda wembe huenda mgongo mbele. Nilisahau hilo mara moja, nikaukata mkanda wa Mzee Amade vipande viwili. Alinyamaza siku nzima, na hapakuwa na mteja kitini.

Mengine mnayajua ila mnayafanya kwa haraka. Kitambaa cha moto kikae usoni mpaka kianze kupoa, maana ndevu kavu ni kama waya, na zikishashiba maji zinakatika bila ugomvi. Povu lipakwe kwa brashi kwa kuzungusha, ili liziinue ndevu kutoka zilikolala. Ukimaliza, maji baridi, kisha shabu, ile ya mawe, uipitishe ikiwa na maji. Shabu ni mpelelezi mzuri: inachoma pale tu ulipokosea, kwa hiyo tazama uso wa mteja unapoipitisha. Halafu mafuta ya nazi, tone, msimkaange mtu. Na wembe uchemshwe na kupitishwa spiriti kati ya mtu na mtu. Hilo silijadili.

Sasa niwaeleze habari ya sufi, maana nyinyi mmeingia kazini mmeikuta imebadilika na mnadhani ilikuwa hivyo siku zote.

Kwetu, bwana harusi hunyolewa uani kwa bibi harusi, mbele ya watu. Ndevu za kidevuni huachiwa akitaka, ni sunna na hakuna anayezigusa, lakini mashavu na shingo lazima ving'ae. Kinyozi akimaliza, shangazi wa bibi harusi huja na sufi, ile pamba ya msufi tunayojazia mito, aliyoichomoa kwenye mto mpya wa maharusi. Huipitisha kwenye shavu la kijana, kutoka kidevuni kupanda mpaka sikioni, kwa sababu shavu hilo ndilo litakalolalia mto huo. Sufi ikiteleza, vigelegele. Ukibaki hata uzi mmoja umeng'ang'ania shavuni, loo, kinyozi umekwisha! Wanawake wanakuimba papo hapo, wewe na bibi harusi aliyepata mume wa kukwaruza, wanakutungia na jina, na unaanza kunyoa upya huku unaimbwa.

Kwa kuogopa wimbo huo, vinyozi wote wa pwani hii tulimnyoa bwana harusi namna moja. Kwanza kwa kushuka, kufuata nywele. Kisha kwa kukatisha. Kisha kwa kupanda, kinyume cha nywele, huku umeivuta ngozi kwa kidole gumba mpaka imekaza kama ngoma, ili usibaki hata ncha. Akiinuka hapo, uso ni kioo. Sufi inateleza, vigelegele vinapigwa, kinyozi unakunywa chai yako kwa raha.

Kisha maharusi wanaingia ndani kwa fungate yao ya siku saba. Siku ya saba bwana harusi anatolewa nje, ananyolewa tena, na watu wanakuja kumtazama. Na mara nyingi alikuwa anatoka na vipele shingoni na chini ya taya, vyekundu, vingine vina usaha. Basi ndiyo furaha hiyo! "Joto la fungate!" watu wanasema. Vipele vile vilikuwa ushahidi kwamba ndoa imewaka. Mama wa bibi harusi alivihesabu kwa macho akaenda kutamba kwa majirani. Aliyetoka na vipele vichache walimsikitikia mkewe.

Nilimwuliza Mzee Amade, "Mzee, mbona joto hili linatokea pale pale tulipopitisha wembe tu? Mbona halitokei kipajini?" Akapangusa wembe, akaukunja, ndipo akajibu. "Hayo waulize wenye ndoa." Naye alikuwa na wake wawili.

Nikakaa na swali langu. Nikahamia Palma, nikafungua duka langu karibu na soko, nikanyoa mabwana harusi wangu mwenyewe kwa namna ileile, maana nani anataka kuimbwa? Lakini nilikuwa nawatazama. Mwenye nywele zilizonyooka hakupata joto sana. Mwenye nywele za kujisokota, joto lilimwandama. Nikajiuliza, mapenzi yanachaguaje nywele?

Jibu lilianza kunijia mahali nisipolitafuta. Vita vilipotufikia tulikimbia kama wengine, tukavuka mto wa mpakani kule Namoto kwenda ng'ambo. Nilibeba nguo zangu, kinoo na nyembe, na pale kivukoni niliwaeleza walinzi kwa muda mrefu kwamba hizi nyembe ni za ndevu. Huko tulikokaa watu walioana, maana watu huoana popote. Lakini hapakuwa na mito mipya, hapakuwa na sufi, na mashangazi walikuwa wametawanyika. Bwana harusi alikaa juu ya dumu, nikamnyoa kwa maji niliyoyapata, kwa kushuka mara moja, basi. Na siku ya saba wakatoka wana nyuso safi. Mmoja, wawili, wote! Watu wakasema, masikini, majonzi yameua joto la fungate. Mimi nikasema moyoni, hapana. Majonzi nayajua, nami ninayo, na hayajawahi kunisafisha uso.

Tukarudi Palma. Duka halikuwa na bati, lakini msumari wa kutundikia kioo ulikuwa pale pale ukutani, nikafurahi kama nimemkuta ndugu. Sikuwa nimekaa sana akaja Bakari.

Bakari ni kijana wa Namoto, baba yake mtu wa Mtwara, naye mwenyewe ni mfanyabiashara wa vitenge na sabuni. Alikuja na ndevu zilizojaa mpaka shingoni na shuka lililozungushwa shingoni, ingawa jua lilikuwa kali. Alipolitoa lile shuka nikaona kwa nini. Shingoni alikuwa na makovu yaliyovimba, magumu, kama punje za mahindi chini ya ngozi, na yalikuwa yametokana na kunyolewa. Kila akinyoa, vipele. Kila kipele, kovu. Muuguzi wa kituo cha afya alimwambia aache kabisa wembe. Akaacha, akafuga ndevu, na barabarani kwenye vizuizi vya askari ndevu zake zikawa zinaulizwa maswali ambayo yeye hana majibu yake. Lakini halikuwa hilo lililomleta.

"Mestre, naoa," akasema. "Namwoa Zainabu, mpwa wake Bi Muanahawa."

Nikakaa chini. Bi Muanahawa ndiye aliyemlea Zainabu, na kwa kushika sufi hakuwa na mpinzani kutoka Mbau mpaka mpakani. Mkono wake ulikuwa mzito na jicho lake halikusamehe. Vinyozi wawili waliacha kazi kwa ajili ya nyimbo zake, mmoja anauza nazi mpaka leo.

"Amesema nini kuhusu kunyolewa?"

"Amesema bwana harusi asiyenyolewa uani kwake aende akaoe kwingine. Na Zainabu hawezi kumvunjia heshima, ndiye mama yake." Akapapasa shingo. "Mestre, safari iliyopita niliumwa mwezi mzima. Homa ilinishika. Siogopi maumivu, Wallahi. Lakini yakiongezeka haya mambo shingoni nitakuwa mtu wa kufungwa shuka maisha yangu yote. Na nisiponyolewa namkosa Zainabu. Sasa ninyoe bila kuninyoa, utaweza?"

"Hebu kaa," nikamwambia, "nikutazame kwanza."

Nikaanza kumtazama kama mtu anayetafuta sindano kwenye mchanga. Kulikuwa na kipele kimoja kichanga chini ya taya, alikopunguza ndevu kwa wembe wa dukani. Nikachukua sindano niliyoichemsha, nikainua ngozi ya juu taratibu. Ndani yake mlikuwa na unywele. Ulikuwa umejikunja kama ndoana, ncha imeingia nyamani, unakua kuelekea ndani. Nikauvuta ukachomoka mrefu, mzima, na Bakari akashusha pumzi.

"Nini hicho?" akauliza.

"Ni joto la fungate," nikasema, nikacheka peke yangu mpaka machozi.

Maana nilikwisha kuelewa. Ukiivuta ngozi ikakaza, ukanyoa kwa kupanda, unaukata unywele chini kuliko ngozi yenyewe. Ukiiachia ngozi, unywele unazama. Ukiwa wa kunyooka unatoka tena salama. Ukiwa wa kujisokota haupati mlango, unageuka ndani, na mwili unaupiga vita kama mwiba. Uso unaokuwa kioo leo ndio unaoumwa keshokutwa. Nilitembea dukani kwenda na kurudi kama mtu aliyeokota kitu cha thamani hajui amwonyeshe nani.

Bakari alikuja kila alipopita Palma. Nilimpapasa uso mkavu kwa ncha za vidole nikatafuta nywele zinalala wapi. Mashavuni zilishuka. Chini ya taya upande wa kulia zilikwenda mbele, upande wa kushoto zikazunguka kama kisogo cha mtoto, na chini kabisa shingoni zilipanda! Kumbe "kushuka" kwenyewe si kushuka kwa kila mahali. Kila uso una mapito yake, na hakuna mtu aliyewahi kuuliza. Nikajaribu kidogo kidogo, kufuata nywele tu, ngozi bila kuivuta, makovu nikiyazunguka bila kuyagusa. Hakikutoka kipele. Nikachukua sufi ya mto wangu nikampitishia. Kwa kufuata nywele iliteleza kabisa. Kwa kupanda ilinasa, nyuzi kwa nyuzi, mpaka akafanana na mzee wa ndevu nyeupe.

Basi kila kitu kilikuwa mkononi mwa Bi Muanahawa. Akipandisha sufi, Bakari ataaibika na mimi nitalazimika kumnyoa kwa kupanda mbele ya watu. Akiishusha, kijana amepona. Nikavaa kanzu safi nikaenda kwake.

Alinipokea vizuri, akanipa mkeka, akanipa chai. Nikamweleza yote: ndoana, ngozi, sufi. Alisikiliza huku anachambua mchele. Mkono ukasimama nilipotaja joto la fungate.

"Abudo," akasema, "unataka kuniambia joto la fungate ni wembe?"

"Ni wembe, bi mkubwa."

"Vipele vyote?"

"Vyote."

Akausogeza ungo wa mchele kando. Kisha akasema, bila kunitazama, "Marehemu mume wangu alitoka na vipele mpaka hapa," akaonyesha chini kabisa ya shingo. "Mocímboa nzima walikuja kumtazama. Nilikuwa msichana mdogo, nimeolewa na mtu nisiyemjua, sijui kama ananipenda au ametumwa na wazee. Nilipoviona vile vipele nikajua. Nimeishi navyo hivyo vipele, Abudo, mpaka kaburini kwake. Tulipogombana nilivikumbuka. Leo weye unakuja na sindano."

Jamani, nilitamani ardhi inimeze na kikombe changu. Sikuwa nimefikiria hilo hata mara moja. Nilikuwa nimebeba jibu langu kwa furaha, kumbe naingia nalo kwenye nyumba ya mtu nabomoa nguzo. Ningeweza kusema vya mumewe vilikuwa vya kweli, vya wengine ndivyo vya wembe. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini nilimfikiria yule kijana na shuka lake kwenye jua, na nikakumbuka kitu.

"Bi Muanahawa, mumeo alinyolewa na Mzee Amade. Nilikuwepo. Ndio kwanza nilikuwa nimetoka kwenye mapapai, mimi ndiye niliyeshika beseni."

Akanitazama.

"Mzee Amade alimpandisha wembe mara mbili, kwa sababu shangazi yako alikuwa amesimama pale na sufi. Ngozi ilikuwa imeanza kutoka damu. Mzee Amade hakuwa mtu wa kusema, lakini siku ile alisimamisha wembe akamwambia, 'Tukomee hapa, mwanangu, utaumia.' Mumeo akasema, 'Endelea. Wasije wakamwimba mke wangu.' Machozi yalikuwa yanamtoka yanaanguka kwenye beseni langu. Hakusogea."

Aliurudia mchele wake. Nilipoaga akaniambia tu, "Siku hiyo njoo mapema, jua likipanda uani hapakaliki." Nikarudi nyumbani sijui nimefanya nini, na Bakari aliponiuliza nilimjibu hivyohivyo, sijui.

Siku ya kunyoa uani palijaa watu. Nilimkalisha Bakari, nikamfunika kitambaa cha moto, nikapaka povu. Nikamnyoa kwa kufuata mapito yake, bila kuvuta ngozi, vuta fupifupi, na makovu nikayapita mbali. Wanawake waliojua kazi walianza kunong'ona. "Mbona hampandishi?" mmoja akasema kwa sauti. "Kinyozi amechoka, mleteeni kitanda!" Wakacheka, na wimbo ukaanza kutafutwa. Nikapitisha shabu. Bakari hakukunja uso popote.

Bi Muanahawa akaja na kishungi cha sufi. Alimwinua Bakari kidevu kwa kidole kimoja, akaiweka sufi chini kabisa ya taya, mahali alipoianzia siku zote. Nikaona mkono wangu unafunga na kufungua wembe wenyewe. Kisha akaiondoa. Akaipeleka juu sikioni, na polepole, mbele ya watu wote, akaishusha.

Iliteleza, haikuacha uzi. Akapiga kigelegele yeye wa kwanza, na wengine wakamfuata kwa mazoea tu. Bakari alinishika mkono akaubana mpaka nikaumia.

Mkidhani mambo yaliishia hapo, hamuwajui watu wetu. Siku ya saba niliitwa kumnyoa tena. Bakari akatoka ndani, shingo safi, uso safi, hana hata kimoja. Mimi nilitaka kucheza ngoma. Lakini uani pakawa kimya. Mwanamke mmoja akamnong'oneza mwenziwe, naye akamnong'oneza mwingine, na mwishowe mmoja akasema waziwazi, "Masikini Zainabu, mume baridi." Mwingine akasema, "Amemwoa kwa ajili ya biashara ya mpakani." Zainabu alikuwa mlangoni, amevaa nguo zake mpya. Aliinamisha kichwa, nikaona mabega yake yanatikisika. Bakari aligeuka mara huku mara kule, hajui amjibu nani.

Nikafungua kinywa nieleze habari ya ndoana. Na nani angenisikiliza? Kinyozi anayetetea wembe wake! Bi Muanahawa akanizuia kwa mkono.

"Nyamazeni," akasema. Wakanyamaza. "Vipele vya fungate ni vya wembe. Si vya mapenzi. Abudo amenionyesha na nimeona."

"Aka! Hata vya marehemu, dada?" akauliza mwanamke mmoja wa rika lake, maana vipele vile vilikuwa na jina mji mzima.

"Hata vya mume wangu," akasema. "Vilikuwa vya wembe. Aliambiwa ataumia akasema endelea, ili mimi nisiimbwe. Alitokwa na machozi na hakusogea. Mimi nilikuwa nikivitazama vipele, sikumwuliza hata siku moja kama vinamuuma." Akamgeukia Zainabu. "Weye muulize wako. Usingoje miaka."

Zainabu akafuta uso kwa ncha ya kanga, akatoka mlangoni akaja akasimama nyuma ya kiti cha mumewe, mahali ambapo bibi harusi hasimami siku ile.

Nilikuwa nimekuja peke yangu, sina wa kunishikia beseni, nikawa natafuta pa kuliweka. Bi Muanahawa akanipokonya. "Haya, mnyoe," akasema. "Kwa kushuka." Akasimama kando ya kiti na lile beseni, akalishika mpaka nilipomaliza.